Ndege wa Thelathini na Nne

Mgeni alifika nyumbani kwa Bi Philomène Dubé siku ya Jumatano asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya hesabu ya ndege. Hakubisha hodi. Alitua juu ya nguzo ya kamba ya nguo, karibu na suruali mbili za marehemu mumewe Armand zilizokuwa zimeganda kama mbao, akakunja mabawa yake, kisha akageuza shingo taratibu mpaka uso wake ukalikabili dirisha la jikoni. Uso huo ulikuwa mpana na mviringo kama sinia, na katikati yake yalikuwepo macho mawili ya manjano yasiyopepesa.

"Nilidhani ni dada yangu Rose," Bi Philomène aliniambia baadaye. "Ana macho hayohayo ya kukagua kama vyombo vimeoshwa."

Mimi nilifika saa nne, nikiburuta kigari cha theluji chenye gunia la mbegu za alizeti. Naitwa Clarisse Ouellet. Mwezi wa tano nilikuwa nimehitimu chuo, masomo ya wanyama na ndege, nikarudi kwetu Sainte-Odile kusubiri majibu ya barua kumi na saba za kuomba kazi. Huku nikisubiri nilimsaidia baba katika duka lake la vifaa, ambalo wakati wa baridi huuza chakula cha ndege zaidi kuliko misumari. Kwetu mtu anaweza kumaliza wiki bila kununua mkate na asiulizwe, lakini kibanda chake cha kulishia ndege kikikaa kitupu siku mbili, majirani watakuja kutazama kama bado anapumua.

Bi Philomène alinifungulia mlango akiwa amevaa suruali ya tatu ya marehemu, ameifunga kiunoni kwa kamba.

"Usinitazame hivyo. Zina mifuko," alisema. "Miaka hamsini na sita nimekuwa nikimwomba Armand anibebee leso. Ingia. Daftari lako liache nje."

"Daftari gani, bibi?"

"Hilo lililovimba kwenye koti. Tangu wakupe ukuu wa hesabu unalala nalo."

Ilikuwa kweli. Nilipewa kazi ya kusimamia hesabu msimu wa majani kupukutika, baada ya mzee aliyeishika miaka ishirini na mbili kuanza kuhesabu na ndege za abiria. Niliweka daftari juu ya kuni, nikafuta buti, nikamfuata mpaka kwenye dirisha la jikoni. Hapo nikashika sinki kwa mikono yote miwili.

"Bi Philomène! Unajua huyu ni nani?"

"Hajajitambulisha."

"Ni bundi wa kijivu, yule mkubwa kuliko wote! Kwao ni kaskazini kabisa, kwenye misitu isiyo na barabara. Kwenye hesabu zetu hajawahi kuandikwa. Hata mara moja!"

"Basi na asiandikwe."

Bundi aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Kisha akaruka, akapiga mbizi kichwa mbele ndani ya theluji, akatoka na panya wa shambani mdomoni.

"Wa tano huyo tangu kupambazuke," Bi Philomène alisema, kwa fahari ya bibi ambaye mjukuu wake anakula vizuri. "Rose anasema bundi akija nyumbani amekuja kumchukua mtu. Nikamwambia kwenye simu, kama amekuja kunichukua mimi, mbona anachukua panya?"

Ili ieleweke kwa nini nilishika sinki vile, lazima niseme juu ya Saint-Aubin. Saint-Aubin iko ng'ambo ya mto, ambao ndio mpaka. Wao ni nchi nyingine, lakini majina ya ukoo ni yaleyale, na pua ni zilezile. Kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya Krismasi, miji yote miwili huhesabu ndege tangu alfajiri mpaka giza. Idadi ya ndege mmojammoja hupelekwa kwa watafiti, nao hushukuru kwa barua. Tunachogombania sisi ni idadi ya aina. Jioni tunakutana ukumbini, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao, na wasimamizi wawili wanasoma orodha zao kwa sauti. Kila ndege anasomwa na mahali alipoonekana na majina ya watu wawili waliomwona, na yeyote anaruhusiwa kusimama na kubisha. Sare ikitokea, aliyeshinda mwaka uliopita anabaki mshindi. Mji ulioshindwa unachimba shimo, unafukia humo chungu cha maharage na mafuta ya nguruwe juu ya mawe ya moto, na kesho yake unavusha chungu hicho darajani na kuwapakulia washindi, watu wake wote wamevaa aproni.

Tulikuwa tumeshindwa miaka tisa mfululizo. Mpishi wa maharage ni baba yangu, Lucien.

"Mgongo wangu umeshahamia Saint-Aubin," alipenda kusema. Maafisa wa mpakani walikuwa wameacha hata kufungua chungu. Walimtazama tu na kuuliza, "Tena?"

"Bibi," nilimwambia Bi Philomène, nikijaribu kuituliza sauti, "huyu mmoja peke yake anaweza kutupa ushindi."

Alinimiminia kahawa, akakaa, akatia mikono kwenye mifuko ya Armand.

"Kabla hujaenda chuo alikuja ndege hapa," alisema. "Mdogo, mwekundu, wa nchi za joto. Alikuwa amepotea njia. Mimi kwa ujinga wangu nikamwambia mtu mmoja kanisani. Kesho yake magari arobaini. Watu thelathini na mmoja waliomba choo, nimewahesabu, na wa thelathini na mmoja akakiziba. Mwingine alipanda juu ya banda la Armand. Na yule ndege kila akishuka kula, wanasogea. Akishuka, wanasogea. Siku ya tatu akakimbilia barabarani, lori la viazi likampiga. Nilimwokota mwenyewe. Alikuwa mwepesi kama bahasha tupu."

Nje, bundi alikuwa amerudi juu ya nguzo.

"Ametoka mbali kwa sababu ya njaa," alisema. "Hapa amepata chakula na mtu wa kumtazama vizuri. Mimi pia nimepata mtu wa kunitazama. Niahidi hutamwambia mtu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka theluji iondoke. Akishaenda zake, mtangaze hata kwenye gazeti."

"Lakini hesabu ni Jumamosi hii!"

"Mwanangu, nilikuwa nahesabu ndege kabla baba yako hajazaliwa. Najua ni lini."

Nilifikiria fomu zangu. Nilizichapa mwenyewe, zenye safu kumi na moja, na juu kabisa niliandika: Tuandike kila ndege tunayemwona, tusifiche hata mmoja. Niliyasoma maneno hayo ukumbini kwa moyo wote. Niliamini, na bado naamini, kwamba mji unaowajua ndege wake hauwezi kuuharibu msitu wao. Mtu mmoja alipiga makofi. Alikuwa baba. Wengine walichukua fomu nyingi nyingi, nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba zinashika moto upesi kwenye majiko.

Nikamtazama yule bundi. Alikuwa akifumba jicho moja, kisha lingine, akisinzia pembeni ya suruali.

"Naahidi," nilisema.

Ijumaa, mlango wa duka ulisukumwa na mtu mrefu mwenye mashavu mekundu na kamera ndefu kama bomba la jiko. Alijitambulisha kwa jina la Whitcomb, kutoka Portland, mwendo wa saa sita kwa gari. Alikuwa amesikia kwamba dereva mmoja wa lori aliona bundi mkubwa mno mahali fulani kando ya mto, hakumbuki wapi.

"Nikimpata tu, nawapigia wenzangu," alisema. "Tuko mia tatu kwenye orodha ya simu. Wote wamelala na buti!" Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu anayekaribisha watu harusini. Alikuwa mwema. Alinunua jozi mbili za glavu asizozihitaji. "Dada, wewe ndiye unayeandika ndege wa hapa. Hujasikia lolote?"

"Orodha itasomwa kesho jioni," nilisema, nikaingia nyuma ya magunia kutafuta kitu nisichokijua.

Tatizo langu ni masikio. Tangu utotoni, nikiwa na siri yanawaka mekundu kama taa za breki.

"Masikio yako yana nini?" baba aliniuliza Whitcomb alipotoka.

"Baridi."

"Umesimama kando ya jiko."

Nikasogea mbali na jiko. Baba alinitazama, akatazama mlango, akaanza kutabasamu polepole, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona miaka tisa. "Sawa, sawa," alisema. "Sikuulizi. Utasoma kesho." Akaenda akipiga mluzi, na alasiri hiyo nilimwona akiifunga sururu ya kuchimbia shimo kwa gazeti kuukuu na kuitundika juu kabisa ukutani, kama mtu anayestaafisha farasi. Mimi nikapanga misumari.

Jumamosi baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Tuligawana mitaa, mashamba na kingo za mto, na kufikia saa nane mchana nilikuwa na aina thelathini na tatu kwenye daftari: vindege wa kofia nyeusi, vigong'ota wa aina tatu, kunguru wakubwa, bata walioshikilia maji yasiyoganda chini ya kinu cha mtoni, na shomoro mmoja ambaye kila timu ilidai ni wake. Nilikuwa nikipasha vidole ndani ya gari nilipoona watu wote wakikimbilia mtoni.

Katikati ya mto, juu ya barafu, alikuwa amekaa tai mwenye kichwa cheupe.

Kila mwaka, siku moja kabla ya hesabu, watu wa pande zote mbili huingia pamoja kwenye barafu na kuchomeka matawi ya msonobari katikati ya mto. Upande huu wa matawi ndege ni wetu, upande ule ni wao. Tai huyu alikuwa amekaa juu ya mstari wenyewe, kati ya matawi mawili, akichokonoa bawa lake. Mkia uko kwetu, kifua kiko kwao.

"Ni wetu!" baba alipaza sauti. "Ndege anahesabiwa kwa mkia!"

Ng'ambo alisimama Fernand Levesque, msimamizi wa Saint-Aubin, mtu mfupi mwenye kofia ya manyoya na chupa ya chai kwapani. Amesoma shule moja na baba na hajawahi kumsamehe kwa jambo ambalo wote wawili wamelisahau.

"Tangu lini, Lucien?" alijibu kwa kelele. "Ng'ombe wako unamhesabu kwa mkia?"

"Ng'ombe wangu havuki mpaka!"

"Ana akili. Amesikia habari za maharage yako!"

Watu wa kwao wakacheka. Wa kwetu pia walicheka kidogo, baba akawageukia, wakaacha. Kanuni ni kwamba ndege aliye juu ya mstari si wa mtu mpaka asogee. Basi tukasubiri. Saa nzima tai hakusogea. Wao wakaanza kuimba ili kumvutia. Wakaimba vibaya, tai akapiga hatua moja kuja kwetu, tukashika pumzi, akarudi. Jua lilikuwa linashuka.

"Mnyama mwenye njaa anafuata chakula," baba alisema. "Clarisse, si ndivyo mlivyofundishwa?"

"Ndiyo, Baba, lakini sidhani kama..."

Alikwisha kuelekea kwenye gari. Alirudi na samaki wake wa Krismasi, ambaye alimvua mwenyewe kwa ndoano kupitia tundu la barafu, akamgandisha na kumwonyesha kila mteja tangu mwezi wa kumi na moja. Alikuwa mrefu kama mkono. Baba alimkumbatia kidogo, akakimbia hatua tatu, akamrusha.

Samaki aliyeganda juu ya barafu huteleza zaidi kuliko mtu anavyotarajia. Alituangukia mbele, vizuri kabisa, upande wetu. Kisha akaendelea. Akampita tai, akapita kati ya matawi, akazunguka mara mbili na kusimama karibu na buti za Fernand Levesque. Tai alimfuata kwa macho, akanyanyuka, akaruka mapigo manne ya bawa, akatua juu ya samaki, ndani kabisa ya nchi nyingine, akaanza kula.

Fernand akavua kofia yake.

"Lucien," aliita kwa upole, "huyo alikuwa wetu wa thelathini na tatu. Asante, na Krismasi njema."

Tulirudi na baba mpaka kwenye gari. Hapo akanishika bega. "Si kitu. Sasa tuko sawa kwa sawa. Lakini wewe una yule wako, eh? Wa masikio." Akanikonyeza. Nikashusha kofia yangu mpaka juu ya masikio.

Saa kumi na mbili jioni ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mvuke wa supu ya njegere, harufu ya makoti mabichi, na Whitcomb karibu na mlango, funguo za gari zikichezacheza mkononi. Bi Philomène alikuja na pai ya nyama. Alivaa gauni jeusi la kanisani, na chini yake suruali.

"Nisingekuja wangeshangaa," aliniambia kwa sauti ndogo, akanisukuma niende mbele.

Nilisoma wa kwanza, kwa kuwa sisi ndio tulioshindwa mwaka jana. Thelathini na tatu. Fernand akasoma ya kwake, akamwacha tai mpaka mwisho, kama mtoto anavyobakiza nyama pembeni ya sahani.

"Tai mwenye kichwa cheupe, mmoja. Kwenye barafu, upande wa Saint-Aubin. Ameonekana na mimi, na Lucien Ouellet."

"Nabisha!" Baba alikuwa amekwisha kusimama. "Yule tai alikula samaki wangu!"

"Na mimi nimekula maharage yako miaka tisa," Fernand alisema. "Je, nimekuwa wako?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, hata mabenchi ya kwetu. Padri alilazimika kutoka nje kukohoa. Baba aliketi, lakini nilimwona akinitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa anangoja.

"Thelathini na tatu kwa thelathini na tatu," Fernand alitangaza. "Sare. Kwa desturi yetu, kabla orodha hazijafungwa, kila msimamizi anaulizwa mara moja. Mimi sina la kuongeza. Clarisse, binti wa Lucien, una la kuongeza?"

Masikio yangu yakawaka. Niliyahisi yakiwaka mpaka kwenye ncha.

"Masikio! Tazameni masikio!" mtu alinong'ona kwenye benchi la pili, na mnong'ono ukasambaa mpaka nyuma. Kwetu kila mtu ananijua tangu nikiwa na nepi.

"Soma, mwanangu," baba alisema, akiwa ameegemea kiti. Kisha akasimama, akawageukia watu, na kwa sauti ya mtu aliyekariri akasema, "Tuandike kila ndege tunayemwona, tusifiche hata mmoja! Si ndivyo alivyotufundisha?" Akapiga makofi. Safari hii hakuwa peke yake. Ukumbi mzima ulipiga.

Sijawahi kuyachukia maneno yangu kiasi kile. Nilijua maneno matatu tu yangetosha: bundi wa kijivu. Mashahidi wawili, mimi na Philomène Dubé. Mahali, nguzo ya kamba ya nguo. Miaka tisa ingeisha kwa pumzi moja. Na kule nyuma Whitcomb alikuwa amekwisha kuvaa kofia, simu mkononi, uso wake umejaa tumaini.

Nikamtafuta Bi Philomène. Alikuwa akiniangalia mimi, masikio yangu, kisha baba yangu, na nikaona midomo yake ikikaza. Akaweka sahani ya pai kando. Akashika mgongo wa benchi la mbele na kuanza kujiinua, mzee wa miaka themanini na moja, akitafuta pumzi ya kusema. Alikuwa anakuja kuniokoa. Angesema yeye mwenyewe, na asubuhi magari yangeanza kupanda kilima kwenda kwake.

Nikalifunga daftari kwa kishindo.

"Nilichoruhusiwa kusoma, nimekisoma," nilisema. "Bwana Fernand, funga orodha."

"Ulichoruhusiwa? Kuna kingine basi?"

"Funga orodha."

"Aliyekukataza ni nani?" mtu alipiga kelele kutoka kwenye benchi letu. "Wa kwetu au wa kwao?" "Ana mchumba Saint-Aubin!" "Mtoto wa Fernand!" "Mtoto wa Fernand ana miaka arobaini na sita!" "Basi ndiyo maana kajificha!"

Bi Philomène alikuwa bado amesimama nusu. Nilitikisa kichwa, kidogo tu. Alibaki hivyo kwa muda, kisha akaketi taratibu, akachukua uma, akaanza kukata pai katika vipande vidogo sana ambavyo hakuna aliyekuwa amemwomba.

Fernand alifunga orodha, na kwa sare ushindi ukabaki kwao. Hakunicheka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kicheko. Desturi inataka msimamizi aliyeshindwa apande juu ya kiti na kuisoma upya orodha ya washindi, amevaa kofia yenye bata wa mbao juu yake. Nilipanda, nikavaa. Bata alikuwa mzito na aliinama upande wa kushoto. Nilisoma majina yote thelathini na matatu, na watu wa Saint-Aubin wakapiga meza kwa kila jina. Nilipofika kwa tai, baba alikuwa ameondoka.

Nilimkuta asubuhi, baada ya misa, amesimama dukani mbele ya ukuta.

"Uliona nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilimwahidi mtu, Baba."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Baba si mtu wa hasira. Ni mtu wa kuumia kimya, halafu anapata njaa.

"Mtu huyo," alisema hatimaye, "anajua unakosa nini?"

"Anajua. Alitaka kunifungua kwenye ahadi. Mimi ndiye niliyekataa."

"Ulikataa." Akatikisa kichwa kama mtu anayesoma risiti ya ajabu. Kisha akapanda ngazi, akaishusha sururu, akaivua gazeti, akaniwekea mikononi. "Basi mwaka huu mgongo ni wa kwako. Nami nitakuwa ndani, naloweka maharage."

Tunachimba nyuma ya ukumbi, mahali palepale kila mwaka, lakini ardhi haijawahi kutukumbuka. Niliwasha moto juu yake ili ilainike, nikangoja, nikafagia majivu, nikapiga sururu. Ilirudi juu kama nimepiga reli. Watu waliotoka kanisani walisimama barabarani kutoa ushauri.

"Piga kwa pembe, Clarisse!"

"Mwiteni mchumba wake aje asaidie!"

"Weka chumvi kwenye maharage yao!"

Saa sita Whitcomb alisimamisha gari. Alishuka na glavu mpya, ile jozi ya pili, akanipa. Za kwangu zilikuwa zimetoboka. Akakaa juu ya ndoo na kunitazama nikichimba, kamera imelala magotini.

"Alikuwa bundi, sivyo?" alisema. "Sitakusumbua. Niambie upande tu. Juu ya mto au chini ya mto?"

Nilivaa glavu. Zilikuwa nzuri, zenye manyoya ndani.

"Asante kwa glavu," nilisema.

"Upande tu, dada. Nimeendesha saa sita."

"Najua. Pole sana. Nilimwahidi mtu."

Alingoja. Nadhani alidhani nikichoka nitasema, na nilikuwa nimechoka kweli. Shimo lilikuwa limefika kina cha kikombe cha chai, na lilitakiwa kufika kiunoni kabla ya giza. Nikatema mate kwenye mpini, nikainua sururu, nikapiga tena.